Apre-shampwe ao maski? Falanga ya nywele iende wapi

Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiisha kuingia, mu nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi mabishano ni yale yale. Mama anaanza: «Baba, unipatie falanga ya nywele.» Baba anashangaa: «Tena? Si ulisuka ile juma?» Mama anajibu: «Kusuka ni kitu ingine. Niko nataka kununua maski.» Na baba, mwenye kurudi ku kazi na vumbi mpaka mu masikio, anauliza: «Maski ya nini? Wewe pia unaingia mu mine?»

Watu wanacheka, na ni vizuri kucheka. Lakini swali lenyewe ni la kweli. Ku soko, ku alimentasio na ku meza za wauzaji wa barabarani, chupa na makopo ya nywele yamejaa. Hii inaandikwa shampwe, hii apre-shampwe, hii maski, hii krimu, hii mafuta. Bei ya kopo moja la maski mara nyingi inapita bei ya chupa ya apre-shampwe, hata kama chupa ndiyo kubwa. Mama ananunua kwa sababu jirani alinunua, ao kwa sababu dada wa salo alimwambia. Baba anakataa kwa sababu hajui ni kitu gani. Wote wawili wanabishana juu ya kitu ambacho hakuna mtu aliwaelezea.

Sisi tunasema hivi, na tunasema wazi tangu mwanzo: kama nyumba inaweza kununua kimoja tu, inunue apre-shampwe, na maski ingoje. Tena, falanga ya nywele si upuuzi wa wanawake. Watu wanaoishi mu vumbi la migodi wako na haki ya kichwa safi na nywele zenye nguvu. Lakini falanga ikitoka, itoke kwa akili.

Nywele hazili chakula

Tuanze na nywele zenyewe. Unywele unaoonekana nje ya ngozi ni kitu kilichokufa, sawa ukucha. Ni protini moja inaitwa keratini. Sehemu yenye uhai iko chini, mu shina, ndani ya ngozi ya kichwa. Njo maana ukikatwa nywele hausikii maumivu, lakini ukivutwa unasikia. Kwa mwezi mmoja unywele unaongezeka karibu sentimeta 1, na huo mwendo unatokana na mwili wako mwenyewe: chakula, afya, umri, urithi wa wazazi.

Kwa hiyo etiketi ikisema dawa hii «inalisha» nywele, ujue ni maneno ya kuuza. Kitu kilichokufa hakilishwi. Kinaweza kulainishwa, kufunikwa, kulindwa kisivunjike. Na hiyo si kazi ndogo. Wanawake wengi wanasema: «Nywele zangu haziote.» Ukweli ni kwamba zinaota vizuri, sentimeta yao kila mwezi, lakini zinakatika ku ncha kwa mwendo ule ule. Mtu anayeweka ndoo chini ya bomba na ndoo iko na tundu, asiseme bomba halitoi maji.

Nywele zetu za kujikunja ziko na shida yao. Ngozi ya kichwa inatoa mafuta yake ya asili, lakini kwa unywele uliopinda-pinda yale mafuta hayafiki mbali. Yanabaki karibu na shina, na ncha inabaki kavu. Tena, kila mahali unywele unapojikunja ni mahali pa udhaifu, sawa waya uliokunjwa mara nyingi. Ukipitisha kichanuo kwa nguvu ku nywele kavu, hapo njo unakatika.

Vumbi, jasho na maji yetu

Sasa ongeza maisha yetu. Mwanaume anavaa kaske saa nane ao zaidi, jasho linatiririka, vumbi linashikamana. Mama anayechagua ao kuosha madini kando ya mto anapigwa na jua toka asubuhi, kichwa chini, kitambaa kimelowa. Mtoto anacheza ku barabara ambako malori yanapita bila kumwagiwa maji. Jioni, vichwa vyote vya nyumba viko na rangi moja.

Watu wanafanya nini? Wanachukua sabuni ya kipande, ile ya nguo, na kusugua. Sabuni hiyo ni kali kwa nywele. Unywele uko na magamba madogo yaliyopangwa sawa mabati ku paa la nyumba, kila moja likifunika nusu ya lingine. Sabuni ya kipande inafanya yale magamba yasimame. Paa likiwa limeinuka, maji yanatoka, nywele inakauka, na unywele mmoja unakwaruzana na mwingine.

Tena kuna maji yenyewe. Chini ya miji yetu ya Katanga kuna mawe mengi ya dolomi, na maji yanayopita mule yanabeba chokaa na manyezi. Kila mama anaijua alama yake: ule weupe unaobaki chini ya birika baada ya kuchemsha maji miezi mingi. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya kipande inafanya uchafu mweupe unaonata, ambao hautoki kwa kusuuza. Unabaki ku nywele, zinakuwa ngumu na bila mwangaza. Mama anafikiri hajasafisha vizuri, anarudia sabuni. Anaongeza shida juu ya shida.

Njo hapa apre-shampwe inaingia.

Kazi ya apre-shampwe

Apre-shampwe haisafishi. Kazi yake ni kurudisha kile kuosha kulichoondoa. Ndani yake kuna vitu vya namna tatu. Cha kwanza ni vile vyenye chaji ya umeme ya kujumlisha. Unywele uliooshwa, zaidi ule ulioharibika, uko na chaji ya kutoa. Hizo mbili zinavutana, na dawa inashika unywele pale pale penye kuharibika zaidi. Ku etiketi vinaandikwa kwa majina marefu kama «behentrimonium» ao «cetrimonium». Cha pili ni mafuta magumu yanayoitwa «cetyl» ao «cetearyl alcohol». Wengine wanaona neno «alcohol» wanaogopa, wanafikiri ni ile inayokausha. Hapana, hii ni mafuta, inalainisha. Cha tatu, mara nyingi, ni silikoni, kwa mfano «dimethicone», inayofunika unywele na kuufanya uteleze.

Vitu hivi vikikaa ku unywele, magamba yanalala chini, na kichanuo kinapita bila kung'oa. Kwa dakika 2 ao 3 kazi imekwisha, ukisuuza inabaki ngozi nyembamba sana ambayo jicho haliioni. Faida kubwa kwetu iko hapa: nywele zinakatika zaidi wakati wa kuchanua, na apre-shampwe inafanya kuchanua kuwe kwepesi. Kwa nywele za kujikunja, hicho ndicho kitu cha kwanza kinachookoa urefu.

Kazi ya maski

Na maski? Wasomaji wetu wasishangae: mu maski mara nyingi kuna vitu vile vile. Fungua etiketi ya chupa na etiketi ya kopo la kampuni moja, uweke kando kando. Utakuta majina yale yale, mengine yamepanda juu ya orodha, mengine yameshuka. Maski iko na mafuta mengi zaidi, siagi ya karite mara nyingi, ni nzito, na inaachwa ku kichwa dakika 10 mpaka 20. Nyingine ziko na protini iliyokatwa vipande vidogo, inayojaza mahali unywele ulipoharibika kwa muda, mpaka kuoshwa tena mara kadhaa.

Kwa hiyo maski si uongo. Iko na wakati wake. Mtu aliyetia rangi ku nywele, mtu aliyepaka defriza, mtu aliyetoa meshi baada ya miezi 2 na kukuta nywele kavu kama majani ya mahindi mu mwezi wa nane, huyo maski itamsaidia. Mara moja kwa mwezi kwa nywele za kawaida, mara moja kwa juma ao majuma mawili kwa nywele zilizoteswa. Zaidi ya hapo ni kumwaga falanga.

Na kuiacha usiku mzima, kama wengine wanavyoshauri, hakuongezi kitu. Unywele ukishiba dawa umeshiba. Tena ukikaa umelowa saa nyingi unavimba, na ukivimba na kukauka, kuvimba na kukauka, unachoka sawa kamba ya kuchotea maji.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa migodi zaidi ya watu wa miji mingine. Kitu kizito na chenye mafuta kikibaki ku nywele kinavuta vumbi. Mama anapaka maski, hasuuzi vizuri kwa sababu maji ni ya kununua, halafu anatoka ku barabara. Jioni kichwa chake kimekusanya vumbi zaidi ya kichwa cha jirani ambaye hakupaka kitu. Apre-shampwe ni nyepesi, inasuuzika kwa maji kidogo. Mahali ambako ndoo moja ya maji iko na bei, hiyo si sababu ndogo.

Tupige hesabu

Tuweke hesabu ya nyumba moja: mama na mabinti wawili, wanaosha nywele mara moja kwa juma, na hiyo inatosha kwa nywele zetu. Tuseme kila mmoja anatumia mililita 20 za apre-shampwe. Chupa ya mililita 400 itawapeleka majuma 6 na zaidi. Sasa maski: ni nzito, haienei haraka, tuseme mililita 40 kwa kichwa. Kopo la mililita 250 litaisha kwa mara mbili, na mara ya tatu watakwangua chini. Kama kopo linauzwa bei moja na chupa, ao kupita, hesabu inajieleza yenyewe.

Na yule anayetaka maski bila kununua maski? Njia iko. Baada ya kuosha, nywele zikiwa bado zimelowa, chukua apre-shampwe ile ile, changanya na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi ao karite iliyoyeyushwa. Paka kuanzia ncha kwenda juu, usisugue ngozi ya kichwa. Funika na sashe safi, juu yake kitambaa, ngoja dakika 15 ao 20. Chanua pole pole, dawa ikiwa bado ndani, ukianza na ncha na kumaliza ku shina. Halafu suuza. Hiyo ni maski. Hakuna kopo la bei kubwa litakalofanya mara kumi ya hapo.

Mama anayesoma hapa atatuuliza: «Na bibi zetu je? Walikuwa na apre-shampwe?» Hawakuwa nayo, na nywele zao zilikuwa nzuri. Walikuwa na mafuta meusi ya kokwa za ngazi, walikuwa na mikono yenye kujua kusuka bila kuvuta, na hawakuwa na defriza. Hatudharau mafuta ya bibi. Mwaka 2003 watafiti wa India walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya petroli yanayouzwa ya kupaka. Waliona kwamba ya nazi ndiyo yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mafuta ya kokwa za ngazi yako karibu na yale ya nazi kwa namna yalivyoumbwa. Kwa hiyo bibi alikuwa anajua kitu. Lakini mafuta peke yake hayaleti maji ku nywele. Yanafunga kile kilichopo. Ukipaka mafuta juu ya nywele kavu yenye vumbi, umefunga ukavu pamoja na vumbi lake. Kwanza maji, halafu apre-shampwe, halafu mafuta kidogo ku ncha. Hiyo ndiyo njia.

Vitu ambavyo hakuna kopo linaweza

Hapa tunataka kusema kwa nguvu, kwa sababu hapa njo watu wanapoteza zaidi ya falanga.

Kama nywele zinaondoka ku kipaji cha uso na kando ya masikio, shida si ukavu. Ni kuvutwa. Visuko vya kukaza mpaka macho yanavutika, meshi nzito, peruke iliyogundishwa, vyote vinang'oa shina pole pole. Mwanzoni nywele zinarudi ukiacha. Ukiendelea miaka, shina linakufa na ngozi inabaki laini sawa mkono. Hakuna maski itakayofufua shina lililokufa. Dada wa salo akikaza mpaka mtoto analia, mama aseme: «Legeza.» Mtoto hajifunzi urembo kwa machozi.

Kama mtoto ako na duara zisizo na nywele, zenye magamba na kuwasha, pengine ni mapunye, ugonjwa wa kuvu. Unaambukiza kwa kichanuo, kwa kofia, kwa mto wa kulalia. Apre-shampwe haitibu, maski haitibu, na mafuta ya kupaka peke yake hayafiki mu shina. Inahitaji dawa ya kumeza, majuma kadhaa, kwa shauri la muganga ku sentre de sante. Kila mmoja awe na kichanuo chake, na kwa wanaume, mashine ya kunyolea isafishwe na alkoli kabla ya kichwa kingine. Wembe, usiazimane hata na ndugu.

Na defriza. Nyingi ziko na soda kali, ile ile inayotumika kutengeneza sabuni. Inanyoosha nywele kwa kuvunja viungo vya ndani vya unywele, na ikigusa ngozi inachoma. Zile za kunyoosha kwa keratini na pasi ya moto, mara nyingi ziko na formoli, ile ya kuhifadhi maiti ku morge, ambayo shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa limeiweka mu orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuata wanawake zaidi ya 33 000 kwa karibu miaka 11 waliandika kwamba wale waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata kansa ya tumbo la uzazi mara mbili na zaidi kuliko wale wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo hausemi kwamba kila atumiaye atagonjwa, na ugonjwa wenyewe si wa watu wengi. Lakini unatosha kwa mama kusema kwamba binti wa miaka 8 hatapakwa defriza juu ya komunyo yake ya kwanza.

Kichwa cha baba ni mlango wa nyumba

Tumeongea na mama. Sasa tuongee na baba, kwa sababu yeye pia ako na kichwa.

Nywele fupi hazihitaji maski, na apre-shampwe si lazima. Zinahitaji kuoshwa, kila siku ya kazi, na kitambaa safi chini ya kaske, na kaske isiwe ya watu watatu. Lakini jambo kubwa ni hili: vumbi analobeba ku kichwa na ku nguo halibaki kwake. Mwaka 2018 watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi waliyoifanya Kasulo, kule Kolwezi ambako watu walichimba kobalti mpaka mu viwanja vya nyumba zao. Walikuta kobalti mu vumbi la ndani ya nyumba. Walikuta mu mkojo wa watu, na zaidi mu mkojo wa watoto kuliko wa watu wazima. Mtoto hachimbi. Mtoto anatambaa chini, anashika, anatia mkono mu kinywa, anakumbatia baba anaporudi.

Kwa hiyo baba asikumbatie mtoto kabla ya kuosha kichwa na mikono. Nguo za kazi zisiingie mu chumba, zisioshwe mu beseni moja na nguo za mtoto. Boti zibaki nje. Mama asikung'ute kitambaa cha kaske ndani ya nyumba. Hivi vyote havinunuliwi ku soko, na vinalinda zaidi ya kila chupa tuliyotaja. Tunajua krezeri anayelala karibu na shimo lake atasema: «Maji iko wapi?» Ni swali la haki, na jibu lake si la krezeri peke yake.

Tunachoomba

Kwa makampuni tunaomba jambo jepesi: mahali pa kuoga ku mlango wa kutokea, penye maji na sabuni, na kabati mbili kwa kila mfanyakazi, moja ya nguo chafu, nyingine ya nguo safi. Na isiwe kwa wale wenye mkataba wa kampuni kubwa tu. Watu wa su-tretansi wanapigwa na vumbi lile lile. Wazee wa kambi za Gécamines wanakumbuka wakati ambapo maji yalihesabiwa pamoja na posho na nyumba, kama kitu cha kazi. Hatusemi zamani zote zilikuwa nzuri. Tunasema maji si zawadi.

Kwa wakaaji wa vijiji na kartie za migodi tunakumbusha kwamba Sheria ya Migodi, ilivyobadilishwa mwaka 2018, inalazimisha kampuni zinazochimba kutoa asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa. Kamati zinapokaa kuchagua kazi, wanawake wawe ndani, na waseme maji kwanza. Kisima kizuri kimoja kinaosha vichwa vingi kuliko lori nzima la maski.

Kwa wauzaji: chupa zisikae mu jua kutwa nzima. Dawa ya nywele ikiungua inaachana, mafuta juu, maji chini, na kuharibika. Tarehe ikipita, itolewe ku meza. Kwa Office Congolais de Contrôle, ambayo kazi yake ni kupima bidhaa zinazoingia: isiangalie tu unga na saruji. Makopo yasiyo na orodha ya vitu vilivyomo, ao yenye maandishi ambayo hakuna mtu hapa anaweza kusoma, hayastahili kupita.

Na kwa wamama wenyewe: mnajua likelemba kuliko benki yoyote. Wamama watano wakiungana, wananunua chupa kubwa ya lita moja ya apre-shampwe nzuri, wanagawana mu chupa ndogo zilizooshwa na kukaushwa. Kila mmoja anapata kitu kizuri kwa bei ya kitu kibaya. Ku likelemba ijayo, wanunue kopo moja la maski, kwa ajili ya yule aliyetoa meshi ama aliyeacha defriza na anaanza upya. Hiyo ndiyo nafasi yake.

Tumalizie na baba aliyeuliza kama bibi yake anaingia mu mine. Anaingia, kila jioni, wakati vumbi lako linapovuka mlango. Mpatie falanga ya apre-shampwe bila kununa, beba ndoo ya maji wewe mwenyewe, na uanze na kichwa chako.